Kabla hujanunua vioo vya laptopu kwa hela ya bumu

Nimekuwa kimya kidogo. Sijala disko kama wengine walivyoanza kunong'ona (nawajua!), ni kazi za watu tu zimejaa mezani mpaka sina pa kuweka sahani ya wali. Leo nataka kuongelea jambo ambalo tangu muhula uanze nimeulizwa na watu wengi, na karibu wote wanauliza vilevile: "Kaka, nina laki tano, nataka nianze kubadilisha vioo vya laptopu hapahapa chuoni. Ninunue vioo gani?"

Jibu langu ni kwamba usinunue kioo hata kimoja.

Najua hapo nimeshaudhi watu, maana biashara kwa mawazo yetu ni kuwa na mzigo. Bila mzigo unaonekana dalali. Lakini hebu nivumilie, kwa sababu naona washikaji kibao wanataka kuingiza hela ya kula kwenye kitu ambacho kitawakalia chini ya kitanda mpaka wahitimu. Na ubaya wenyewe hauishii kwenye hasara yao.

Kwamba wateja wapo, hilo sibishi. Hapa Mlimani wanafunzi wengi wanatembea na laptopu zilizotumika, zile zinazoletwa kwa makontena na kwa ndege kutoka Dubai na kwingineko: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Mashine imara, lakini zimeshapigwa safari. Unaiweka kwenye begi pamoja na kitabu kinene na chupa ya maji, unapanda daladala, mtu anaegemea begi lako kuanzia Mwenge. Ukifika, unawasha, unakuta wino umevuja kona nzima. Au umesahau kalamu juu ya kibodi ukafunga. Au umeiacha kitandani, mwenzako wa chumbani akakaa bila kuangalia. Vioo vinapasuka kila wiki, na vinapasuka zaidi wakati wa ripoti na tasnifu, maana ndo wakati laptopu zinazunguka kila mahali.

Sasa tuje kwenye huo mzigo. Mtu anadhani vioo vya laptopu ni kama tairi za baiskeli, kwamba ukiwa na saizi tatu umemaliza. Thubutu! Kwanza kuna ukubwa, inchi 11.6, 12.5, 13.3, 14, 15.6, 17.3, zinazopimwa kona kwa kona. Hapo bado hujagusa waya. Laptopu za zamani zilitumia mfumo wa LVDS, nyingi kwa soketi ya pini 40. Kisha ukaja mfumo wa eDP, ambao shirika la viwango la VESA liliutoa mwaka 2008 na watengenezaji wakahamia taratibu, kwa kawaida pini 30. Halafu kuna eDP ya pini 40 kwa baadhi ya vioo vya kugusa na vile vya michezo vyenye kasi kubwa. Pini 40 za LVDS na pini 40 za eDP si ndugu, wamefanana majina tu.

Hujamaliza. Kuna vioo vyenye masikio ya skrubu juu na chini, vingine yapo kulia na kushoto, vingine havina masikio kabisa, vinabandikwa kwa utepe wa gundi unaovutika. Soketi nyingine iko kulia, nyingine kushoto, na waya wa laptopu haurefuki kwa sababu wewe unataka. Kisha idadi ya nukta: 1366 kwa 768, 1600 kwa 900, 1920 kwa 1080. EliteBook 840 moja inaweza kuwa ilitoka kiwandani na kioo cha 1366, jirani yake wa jina lilelile ana cha 1920, na wakati mwingine waya wa yule wa kwanza hauna njia za kutosha kubeba picha ya yule wa pili. Kwa hiyo hata ukijua jina la laptopu hujajua kioo chake.

Anayejua ni kioo chenyewe. Ukikifungua, nyuma kuna kibandiko chenye namba. LP156 mwanzoni maana yake LG, inchi 15.6. B140 ni AU Optronics, inchi 14. N156 ni Innolux, NT156 au NV156 ni BOE, LTN ni Samsung. Herufi zinazofuata mpaka ile ya mwisho zina maana, na muuzaji anayekwambia "we chukua tu, zote sawa" hatakuwepo utakapofika hosteli ukakuta soketi iko upande mwingine.

Fanya hesabu mwenyewe. Laki tano itakupa vioo vitatu, tuseme vinne. Uwezekano wa mteja wa kwanza kugonga mlango akiwa na laptopu inayotaka mojawapo ya hivyo vinne ni mdogo sana. Wakati huo duka la Kariakoo lina rafu nzima, na safari ya daladala kwenda na kurudi ni ya asubuhi tu kama huna kipindi. Kwa nini ulipie rafu ambayo mwenzako ameshailipia?

Lakini hasara ya hela siyo inayonitisha zaidi. Kinachonitisha ni kwamba mzigo unaharibu macho ya fundi.

Mwenye vioo vinne chini ya kitanda kila laptopu yenye giza ataiona imekufa kioo. Wala si lazima awe mwizi. Ana hela imelala pale, bumu limeisha, mtu amekuja na laptopu haionyeshi kitu, na saizi bahati nzuri inaingiliana. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kuna dada mmoja wa mwaka wa nne aliletwa kwangu muhula uliopita, amebadilishiwa kioo kwenye duka moja la mjini (silitaji), na baada ya siku tatu giza likarudi vilevile. Waya ulikuwa umelika pale unapopita kwenye bawaba. Kioo cha kwanza huenda kilikuwa kizima kabisa, ila hakurudishiwa, kwa hiyo hatutajua.

Laptopu yenye giza inaweza kuwa na maradhi mengi, na mengi ni ya bei ndogo kuliko kioo. Ndiyo maana nasema kazi yenyewe ni kukagua, na kukagua hakuhitaji mzigo, kunahitaji utaratibu.

Chukua laptopu, ichomeke kwenye luninga ya chumba cha kupumzikia au projekta ya darasani kwa waya wa HDMI au VGA. Picha ikitoka safi huko nje, ubongo wa mashine ni mzima, tatizo liko kwenye kioo, waya au umeme wa kioo. Mistari ikitokea na huko nje, basi achana na kioo, hapo ni chipu ya picha au bodi, na umemwokoa mtu na gharama isiyo na maana. Isipotoka picha popote, huku taa ya umeme inawaka, toa RAM, isafishe, irudishe. Mara ngapi RAM iliyolegea imeitwa "kioo kimekufa"! HP nyingi zenyewe zinakwambia, taa ya Caps Lock inapepesa kwa mafungu, na maana ya kila fungu imeandikwa kwenye mwongozo wa matengenezo ambao HP wanaweka bure kwenye intaneti. Dell na Lenovo nao wanatoa miongozo yao bure. Soma jamani, hiyo ndo desa ya kazi hii.

Halafu chukua tochi ya simu, imulike karibu na kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kioo kinachora ila taa ya nyuma haiwaki. Hapo inaweza kuwa kioo kweli, lakini inaweza kuwa waya, au fyuzi ndogo kwenye bodi isiyozidi punje ya mchele. Fungua na funga mfuniko taratibu: picha ikija na kupotea, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Kwa Dell nyingi, shikilia herufi D huku unabonyeza kitufe cha kuwasha, kioo kitajipima chenyewe kwa kupita rangi moja moja. Rangi zikija safi bila mistari, usimuuzie mtu kioo.

Vyote hivyo ni dakika kama ishirini na havigharimu hata senti. Ila vinahitaji mtu ambaye hana sababu ya kutaka jibu fulani.

Kwa hiyo mimi nasimamia bei ya aina hii: mteja analipa ada ndogo ya kukagua, tuseme 5,000, na analipwa kwa jibu la maandishi. Kama ni kioo, namwandikia namba ya kioo, saizi, idadi ya pini, upande wa soketi. Bei ya kioo anaijua jinsi ilivyo dukani, analipa yeye, na risiti ni yake. Ufundi wangu nautaja peke yake, tuseme 30,000. Basi. Kioo cha 130,000 kitamfikisha kwenye 165,000 na anajua kila shilingi imekwenda wapi. Mwingine atamwambia "laki mbili kila kitu" na kumfichia. Bumu lilipopandishwa mwaka 2022 lilifika shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo laki mbili ni siku ishirini za kula. Hiyo tofauti ya 35,000 ni siku tatu na nusu. Mtu anayejua njaa ya wiki ya mwisho kabla bumu halijaingia hawezi kuiita tofauti ndogo.

Nimeshabishana sana kuhusu hili, hasa na jamaa mmoja wa mwaka wa tatu ambaye naye anafanya kazi hii na ananiona kama naharibu soko. Hoja yake ya kwanza ni kwamba ukimpa mteja namba ya kioo ataenda Kariakoo mwenyewe. Sawa, aende! Akienda, akinunua, atarudi kufungiwa, kwa sababu si kila mtu ana ujasiri wa kubandua fremu ya plastiki ya laptopu yenye tasnifu ndani. Na akinunua kisicho sahihi, ni yeye na muuzaji. Hela yangu haijafungwa popote.

Hoja ya pili: hakuna Mbongo atakayelipa hela "ya kuangalia tu". Hapo mwanzo niliamini anaweza kuwa na haki, ila watu wanalipa. Wanalipa kwa sababu nawaambia kabla sijagusa bisibisi, na kwa sababu wengi wamewahi kuambiwa ukaguzi ni bure kisha ukageuka bili ya kutisha. Hata hospitali unalipa kumuona daktari kabla ya dawa, na hatushangai.

Hoja yake ya tatu ndiyo nzito, na sina ujanja wa kuikwepa. Anasema mwenye mzigo anamaliza kazi leoleo, wakati mimi namwambia mtu asubiri kesho. Mwanafunzi ambaye ripoti yake inatakiwa kesho saa nne asubuhi hana habari na falsafa zangu. Kweli kabisa. Dawa niliyoipata ni monita ya mezani iliyotumika. Mteja akija na dharura, namkopesha monita na waya, anachomeka laptopu yake, anaendelea kuandika usiku huohuo huku kioo kikisubiri. Monita hiyohiyo ndiyo ninayopimia. Kama nikiwa na laki tano leo, monita mbili ni mzigo wenye akili kuliko vioo vinne, maana monita inaingiliana na kila laptopu, na kioo hakiingiliani na yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko bei, na naomba hasa wadada walisome. Kubadilisha kioo hakuhitaji paswedi. Rudia kusoma hapo. Kioo kinapimwa kwenye ukurasa wa BIOS, ule unaokuja kabla Windows haijaanza, au kwa ile herufi D. Hakuna sababu ya fundi wa kioo kuingia ndani ya mashine yako, kuona picha zako, WhatsApp yako, barua zako. Fundi akikuomba paswedi kwa kazi ya kioo, mwambie utaiandika mwenyewe ukiwa umesimama pale. Na wewe unayetaka kuanza biashara hii, usiiombe kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, chuo ni kijiji. Habari kwamba fulani anachungulia picha za watu itazunguka mabweni yote kabla hujarudi kutoka kafeteria, na hakuna punguzo la bei litakalokurudishia wateja.

Zima hofu pia ya wateja. Wengi wanakuja wanatetemeka wakidhani kioo kikipasuka na kazi zao zimepotea. Mwambie mapema, kazi zake ziko kwenye diski na hazijaguswa. Mchomekee monita azione kwa macho yake. Nimeona mtu karibu alie kwa furaha kwa kuona faili lake la Sura ya Nne.

Upande wa ufundi wenyewe nitasema mawili tu, kwa sababu ndiyo yanayoua laptopu za watu. Moja, usichomoe wala kuchomeka waya wa kioo wakati betri imeunganishwa. Chomoa chaja, fungua chini, tenganisha betri, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki. Umeme wa taa ya nyuma unaweza kufika volti 19, wakati saketi za kioo zenyewe zinaishi kwa volti 3.3, na zote zinapita kwenye soketi ileile yenye pini nyembamba kama unywele. Soketi ikikaa mshazari huku kuna umeme, kioo kipya na bodi vinaweza kuondoka pamoja. Mbili, kabla hujabandika chochote, unganisha kioo kipya kikiwa wazi, washa, pitisha rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu, tafuta nukta zilizokufa. Usibandue vibandiko vya duka, maana ukivitoa hawakipokei tena.

Na jifunze kukataa. MacBook mimi sigusi, kioo chake kimeunganishwa na mfuniko mzima, na bei ya kosa ni ada ya muhula. Laptopu zenye kioo cha kugusa kilichogandishwa na gundi, nazikagua lakini sizifungui. Mteja atanuna kidogo, ila ataondoka na laptopu yake ikiwa kama ilivyokuja. Piga picha laptopu pande zote kabla hujaifungua, mbele yake, ili ule mkwaruzo wa tangu Dubai usije ukawa wako.

Kwa yule wa laki tano basi, nikijaribu kupanga: bisibisi nzuri za ncha ndogo zenye sumaku, kadi kadhaa za plastiki za kubandulia fremu (vocha za zamani zinafaa kabisa), kipima umeme, utepe wa gundi wa kubandikia vioo, nyaya za HDMI na VGA, monita moja au mbili zilizotumika, na daftari la risiti lenye karatasi ya nakala. Kinachobaki kiweke, usikiguse, hicho ni cha siku utakayovunja kitu cha mtu ukatakiwa kulipa bila kukimbia. Uliza pia ofisi ya mabweni yenu kuhusu kufanya kazi chumbani kabla hujabandika tangazo ukutani, kila chuo kina kanuni zake.

Kuhusu bawaba zilizovunjika, ambazo ndizo mama wa nusu ya vioo vinavyopasuka, nitaandika wiki ijayo. Ile ni vita nyingine, na sasa hivi kuna Latitude tatu zinaniangalia na mwenye moja anatetea tasnifu Alhamisi.